Mchaichai wa Uani: Habari za Mimea ya Chai Iliyopita Mkono kwa Mkono

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, kurasa nyingi zimepewa mazao yapitayo katika mizani: majani mabichi ya chai, iliki, maharage, na mboga zinazoshushwa mjini. Ndivyo ipasavyo, kwani mizani ndiyo iliyotukusanya. Lakini sisi tulioombwa kuandika habari za kale twaona si haki miaka kumi ipite bila ya kutajwa mimea ambayo haijapata kutiwa katika mizani wala kuandikwa katika daftari la karani: mchaichai wa kando ya jiko, nanaa iliyo karibu na mtungi, rozimari ya penye ukingo wa ua, na kivumbasi kijioteacho mlangoni. Hii ndiyo mimea ya chai ya nyumbani. Hukaa mahali pamoja miaka mingi, huchumwa alfajiri kwa mkono mmoja, na mwenye nyumba akiulizwa aliipata wapi, hasemi dukani. Hutaja jina la mtu.

Jina hilo la mtu ndilo tunalotaka kulieleza. Kabla ya kuwako cheti cha hisa, kabla ya kuwako mkutano mkuu na muhuri, watu wa milima hii ya Usambara walikuwa na ushirika mwingine usio na katiba, na mimea hii ni ushahidi wake ulio hai mpaka leo.

Tuanze na majina, maana jina ni shahidi asiyekula rushwa. Nanaa ni neno la Kiarabu, na mrehani vilevile. Yalifika pwani pamoja na biashara ya majahazi katika Bahari ya Hindi. Iliki ina ndugu zake katika lugha za Bara Hindi. Rozimari ni jina la Kizungu lililovikwa kanzu ya Kiswahili, na mmea wenyewe asili yake ni pwani za Bahari ya Kati, penye jua kali na mawe. Kivumbasi peke yake hakina alama ya ugeni, na mmea wake ni mwenyeji wa Afrika. Neno chai nalo lilitoka Uchina. Wachina wengi huuita mmea huo cha, na neno hilo likasafiri kwa nchi kavu mpaka Uajemi na Bara Hindi, likawa chai. Ama Waholanzi, walionunua kwa watu wa pwani ya Fujian, walisikia te, na ndiyo sababu Waingereza na Wafaransa hulitamka kwa namna nyingine. Sisi tulilipata kwa njia ya kwanza.

Sasa tazama neno mchaichai. Kiswahili kina desturi ya kurudia neno ili kusema kwamba kitu kinafanana na kingine bila ya kuwa kile chenyewe. Maji ya kisima yaweza kuwa na ladha ya chumvichumvi, na uji usioiva vema huwa majimaji. Basi mchaichai ni mmea ufananao na chai, wala si chai. Jina hilo halikuweza kuzaliwa kabla ya chai kujulikana. Linatuambia ya kuwa waliolitunga walikwisha kuionja chai ya dukani, na twadhani bei yake pia waliionja, ndipo wakalipa jani la uani heshima ya kuitwa kwa jina lake. Katika lugha nyingine nyingi mmea huu huitwa kwa harufu yake ya ndimu, au kwa kuwa ni jani la jamii ya nyasi. Sisi tuliutazama kwa kikombe.

Makwao mchaichai ni upande wa kusini mwa Bara Hindi na visiwa vya mashariki ya mbali. Wataalamu wa mimea wanauita Cymbopogon citratus, jina ulilopewa na Otto Stapf wa bustani ya Kew, Uingereza, mwaka wa 1906, alipozipanga upya nyasi zenye mafuta ya kunukia. Harufu yake hutokana na mafuta yaitwayo sitrali, ambayo aghalabu huwa zaidi ya nusu ya mafuta yote yatokayo katika jani. Mwaka wa 1893 wanakemia wa Ujerumani, Tiemann na Krüger, waliigeuza sitrali ikawa kitu chenye harufu ya ua la urujuani, na manukato mengi ya Ulaya yakajengwa juu yake. Na baada ya vita vikuu vya pili njia hiyo hiyo ilitumika kutengenezea vitamini A katika viwanda. Twayataja haya ili mwanachama asidhani kwamba lililo uani ni jani duni kwa sababu tu halimlipi karani.

Lakini lililo kubwa katika habari za mchaichai ni jambo dogo ambalo kila mama wa nyumba analijua bila ya kufundishwa: hautoi mbegu. Kuchanua kwake ni nadra sana. Upepo hauwezi kuuchukua, ndege hawezi kuudondosha, wala mto hauwezi kuusafirisha kama usafirishavyo mbegu za mapera. Wakataka kuupanda, hupandi mbegu. Huchimba kichaka cha mwenzio, ukakipasua, ukaondoka na machipukizi mawili matatu yenye mizizi. Kwa hiyo kila kichaka cha mchaichai kilichoko katika wilaya zetu ni kipande cha kichaka kingine, nacho kipande cha kingine, hata kufika pwani, na kutoka pwani kuvuka bahari. Katika kila hatua ya safari hiyo palikuwa na mikono miwili: mmoja ulitoa na mwingine ulipokea. Hakuna mchaichai ulioko hapa kwa bahati.

Hali ni hiyo hiyo kwa nyingi katika jamaa zake wa uani. Tangawizi hupandwa kwa vipande vya tunguu lake. Nanaa hutambaa kwa mizizi yake, nayo hutolewa kwa kipande cha mzizi huo. Iko aina moja ya nanaa kali, ile itumikayo katika peremende, na neno peremende lenyewe limetoka kwa jina lake la Kiingereza. Aina hiyo ni chotara wa nanaa mbili, ilielezwa na mtaalamu wa Kiingereza John Ray mwaka wa 1696, na kwa kuwa ni chotara tasa, kwa kawaida haina mbegu ifaayo. Yote iliyopo duniani imetoka kwa vipande vilivyokatwa na kupewa watu. Rozimari hutoa mbegu, ila huota kwa uzito na uvivu, na watu wenye akili hupanda kijiti.

Linganisha na njia iliyofuatwa na chai yenyewe katika milima hii. Mwaka wa 1902 Serikali ya Wajerumani ilianzisha Taasisi ya Amani katika Usambara ya Mashariki, ikakusanya mimea ya faida kutoka kila upande wa dunia: mkwinini, mpira, kafuri, mdalasini, na chai miongoni mwao. Ilikuwa kazi kubwa, nasi hatuibezi. Wakati wa vita vikuu vya kwanza kwinini ya kuwatibu askari wa Kijerumani ilitengenezwa hapo hapo Amani kwa magome ya miti yao. Lakini chai haikutoka katika bustani hizo kwenda katika ua wa mkulima. Ilikwenda katika mashamba makubwa ya wageni, na kwa miaka mingi Mwafrika wa milima hii aliijua chai kwa mgongo uliobeba kapu, akalipwa kwa kilo, jioni akanunua dukani vumbi la lile jani alilolichuma mwenyewe. Mwaka wa 1933 nchi zilizouza chai nyingi zilipatana kupunguza mauzo ili bei isianguke, na mwaka uliofuata nchi za Afrika Mashariki nazo zikafungwa na mipaka ya upanzi. Kwa jirani zetu wa Kenya majaribio ya chai ya wakulima wadogo yalianza Nyeri mwaka wa 1950, na mamlaka yao ya chai ya wakulima wadogo ikaundwa mwaka wa 1964. Mamlaka ya Chai ya Tanzania iliundwa mwaka wa 1968. Basi kwa zaidi ya nusu karne mti wa chai ulipita kwa leseni, kwa kitalu na kwa ramani. Mchaichai ulipita juu ya ua wa miti, saa ya magharibi, ukiwa umefungwa katika jani la mgomba.

Liko jambo jingine la historia yetu lipasalo kutajwa hapa. Mwaka wa 1946 Serikali ya Mwingereza ilianzisha huko Mlalo mpango wa kuokoa udongo. Ugonjwa ulikuwa kweli: milima ilikuwa imechoka, na mvua iliushusha udongo bondeni. Lakini dawa ililetwa kwa amri. Watu waliamriwa kupiga matuta katika mashamba ya mteremko, na aliyekataa alishtakiwa. Mzigo huo uliwaangukia wanawake zaidi, kwa sababu wao ndio waliolima chakula, nao wakawa mstari wa mbele katika kuukataa. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango uliachwa. Baadaye, katika miaka ya 1980, kazi ya kuhifadhi udongo ilirudi Lushoto kwa njia nyingine, ya kupanda mistari ya majani na miti kwa kufuata kontua, na mengi ya majani hayo yangaliko, kwani hulishwa ng'ombe na mkulima huona faida yake. Mchaichai haukungoja mradi wowote. Wako waliokwisha kuupanda kwenye midomo ya ngazi za bustani zao kwa sababu mizizi yake hushika udongo na mbuzi hawaupendi sana. Bwana Shamba mwerevu hujifunza hapo: jani linalopendwa kikombeni hushika udongo kwa hiari ya mwenye shamba.

Si sisi peke yetu tuliokimbilia uani chai ilipokuwa ghali au chungu. Tarehe 16 Desemba mwaka wa 1773 watu wa Boston, katika nchi iliyokuja kuwa Marekani, walitupa baharini makasha 342 ya chai kwa hasira ya kodi, na katika miaka iliyofuata familia nyingi zilikunywa majani ya bustani na ya mwituni. Mojawapo lilikuwa jani waliloliita chai ya Oswego, ambalo Wahindi Wekundu walilijua zamani; John Bartram alipeleka mbegu zake London mwaka wa 1744. Huko Moroko mambo yalikwenda kinyume, na kwa uzuri: vita vya Krimea vilipozuia biashara mwaka wa 1854, wafanyabiashara wa Kiingereza walipeleka chai yao ya kijani katika bandari za Tangier na Mogador, na watu wa huko, waliokuwa na nanaa yao tangu kale, wakaitia katika birika moja na chai hiyo. Jani la dukani na jani la uani wakafunga ndoa, na ndoa hiyo haijavunjika.

Kwetu sisi siku ya majaribu ilikuja baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Wazee wanaosoma kurasa hizi hawahitaji kukumbushwa. Maduka yalikuwa na rafu tupu. Sabuni, sukari, chumvi na chai vilipangiwa foleni, na mwaka wa 1983 Serikali iliwasaka walanguzi nchi nzima. Katika miaka hiyo mchaichai ulipanda cheo. Aliyekuwa akiutia birikani kwa ajili ya kunukiza chai, sasa aliutia peke yake, akaunywa kwa muwa au kwa asali, au bila ya utamu wowote, na mgeni hakuona haya kupewa. Nyumba iliyokuwa haina kichaka iliomba. Hatukusikia kwamba mtu alinyimwa.

Na ikumbukwe ya kuwa huo ulikuwa wakati ambao ushirika rasmi haukuwako. Mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali, na havikurudishiwa njia mpaka sheria ya mwaka wa 1982. Daftari zilifungwa, mizani ikahamishwa, majengo yakapata wapangaji wengine. Vichaka vya uani havikuvunjwa na tangazo lolote, kwa kuwa havikuandikishwa popote. Twayasema haya mbele ya viongozi wetu wa leo bila ya kejeli. Chama chenye muhuri chahitaji sana kujua kilichosimama wakati chama chenye muhuri kilipoanguka.

Sasa tuseme juu ya malezi ya mimea hii, maana historia ya mmea ni pamoja na namna ya kuuweka hai, na katika ziara zetu tumeona vichaka vingi vilivyochoka kwa kukosa uangalizi mdogo.

Mchaichai hupenda jua, udongo usiotuamisha maji, na joto. Huku juu sana, penye baridi ya Julai, hukua polepole na ncha za majani huungua. Mwenye kukaa huko aupande upande wa ukuta upatao jua la asubuhi. Pasua kichaka mwanzoni mwa mvua za masika au za vuli. Chukua machipukizi mawili au matatu yenye mizizi, kata majani yabaki kama shubiri moja ili mmea usipoteze maji, uyapande kwa umbali wa sentimeta 60. Usilizike shina kupita kiasi, litaoza. Baada ya miezi minne hadi sita waweza kuanza kukata, na baadaye kila miezi miwili au mitatu. Kata kwa kisu kikali, ukiacha kama sentimeta 10 hadi 15 juu ya ardhi. Wakatao hadi udongoni hukata na chipukizi la kesho. Vaa mikono mirefu, maana ukingo wa jani hukata ngozi kama wembe. Kila baada ya kukata, tupa samadi iliyooza kidogo kuzunguka shina, kwani mmea unaokatwa daima bila ya kulishwa huwa kama ng'ombe akamuliwaye bila ya majani.

Ufikapo mwaka wa tatu au wa nne utaona katikati ya kichaka pamekauka, na uhai umekimbilia pembeni. Hiyo ndiyo saa ya kuking'oa chote, kutupa moyo uliokufa, na kupanda upya vipande vya pembeni. Hapa hekima ya mmea yakutana na hekima ya ujirani. Kichaka kimoja kilichopasuliwa vizuri hutoa vipande ishirini na zaidi, na mwenye nyumba anahitaji vitatu au vinne. Vilivyobaki ni vya nani? Mchaichai usiogawiwa huzeeka na kufa katikati. Haja ya kuwapa wengine imo ndani ya malezi yake, kama vile kupalilia.

Nanaa yataka mambo mengine. Hupenda kivuli cha nusu siku na unyevu, nayo ni mjeuri: iachwe na itameza bustani nzima. Wenye ujuzi huipanda katika karai kuukuu au debe lililotobolewa chini, wakalizika debe hilo hata ukingoni. Ichume kabla haijatoa maua, maana likishatoka ua, jani hupungua nguvu. Baada ya miaka miwili au mitatu udongo wa debe huchoka. Toa mizizi, chagua iliyo minene na myeupe, ipande mahali papya.

Rozimari ni kinyume cha nanaa. Hufa kwa wema: anayeimwagilia kila siku huiua. Itie mahali pa jua, penye mchanga au mawe, au juu ya tuta. Kata kijiti cha shubiri moja kisicho laini sana wala kigumu kama kuni, ondoa majani ya chini, kichomeke kivulini. Mizizi yake itachukua wiki nne hadi nane, na subira ndiyo mbolea yake. Wakati wa kuvuna usikate hata penye ubao mtupu usio na jani, kwani hapo aghalabu hapachipui tena. Kivumbasi hatuna haja ya kukieleza. Hukua bila ya kuombwa, nasi humshukuru.

Iliki twaipitia kwa haraka, maana wenzetu wameiandikia ukurasa wake. Neno moja tu. Iliki ilipopata bei nzuri, wengi walitoka nayo uani wakaipeleka chini ya miti ya msitu wa Usambara ya Mashariki, wakafyeka vichaka vya chini. Baada ya miaka kadhaa udongo ulichoka, na miti mikubwa ilipokufa haikuwa na watoto wa kuirithi. Sehemu kubwa ya msitu wa Amani ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1997. Zao la uani likipandishwa bei ghafula huweza kuuacha uani na kufanya madhara kwingine.

Kukausha ni jambo ambalo wengi hulikosea. Majani ya kunukia hayaanikwi juani kama mahindi, kwa kuwa jua huondoa kile kile kinachotafutwa. Yaning'inizwe au yatandazwe kivulini, penye upepo, juu ya kitanda cha miti, hata yavunjike kwa sauti yakikunjwa. Kisha yatiwe katika chombo kinachofungika barabara. Na tuseme wazi juu ya dawa: mimea hii hupendeza kinywani na hutuliza tumbo la wengi, lakini si tiba ya malaria wala ya kisukari, na mgonjwa apelekwe hospitali. Wachuuzi wa mjini wenye kusema vinginevyo hutuharibia jina.

Zawadi nayo ina hatari yake, wala haifai kuificha. Mkono unaotoa kipandikizi huweza kutoa ugonjwa pamoja nacho. Nanaa yenye kutu, yaani vidoadoa vya rangi ya chungwa chini ya jani, hupeleka kutu hiyo katika kila bustani inayoipokea; mizizi yake yaweza kuoshwa na kutiwa katika maji ya moto ya nyuzi 44 za sentigredi kwa dakika 10, kisha katika maji ya baridi, kabla ya kupandwa. Tangawizi iliyonyauka ikiwa bado kijani isitolewe kwa mtu, kwani bakteria wa mnyauko husafiri katika tunguu na hukaa udongoni. Mtu mkarimu na achunguze kwanza anachokitoa.

Twafika sasa katika jambo lililoleta maneno mengi katika mikutano ya vyama vya msingi. Katika miaka ya karibuni wanunuzi wamekuja kutaka mchaichai na rozimari vilivyokaushwa. Jani la uani limepata bei. Ni habari njema, hasa kwa sababu bustani hizi kwa kawaida ni za wanawake, na fedha yake, ijapokuwa si nyingi, huingia katika mkono ununuao daftari za shule na mafuta ya taa. Tena jani hili halina haraka ya chai. Jani bichi la chai lazima lifike kiwandani siku ile ile. Gari likiharibika au kiwanda kikisimama, jasho la wiki laoza njiani. Mchaichai uliokauka vizuri hungoja.

Lakini pamoja na bei limekuja jambo ambalo halikusikika hata katika miaka ya foleni. Wako sasa wanaokataa kutoa kipandikizi. Husema, "Nikimpa jirani, kesho atauza pamoja nami, na bei itashuka." Wengine wameanza kuuza shina moja moja kwa wageni katika utaratibu, waliojenga karibuni au waliooa karibuni. Na ziko nyumba ambazo baba, aliyekuwa hajui hata upande mchaichai ulipo, amekuwa mwenye shamba la mchaichai tangu alipoiona fedha. Hatuwalaumu wote kwa mtindo mmoja, kwani umaskini una hoja zake. Hata hivyo twaipinga hoja hiyo kwa hesabu zake zenyewe. Mnunuzi huja kwa mzigo, hafuati vishada vitatu mlimani. Kijiji chenye vichaka vingi humwita, na kijiji chenye kimoja humfukuza. Tena kichaka cha mtu mmoja kikifa kwa ukame au kwa moto wa jirani, atakirudisha kutoka wapi, ikiwa aliwanyima wote? Mmea usio na mbegu hauna ghala ila katika nyua za watu wengine.

Kwa hiyo katika kamati tulikubaliana juu ya msemo mmoja, ingawa si kwa sauti moja: jani liuzwe, kipandikizi kisiuzwe. Chama kinunue jani lililokauka kwa daraja na kwa uzani, kama kinunuavyo mazao mengine, na malipo yaandikwe kwa jina la mwenye bustani mwenyewe, si kwa jina la mwenye hisa peke yake. Hili la mwisho lilipata wapinzani wengi, na halijapita katika vyama vyote. Ama kipandikizi, kila chama cha msingi kiweke kitalu mama karibu na ghala lake, cha mchaichai, nanaa na rozimari iliyokaguliwa na Bwana Shamba. Mwanachama na asiye mwanachama achukue bila ya malipo, aandike jina lake, na baada ya mwaka arudishe machipukizi kadiri ile ile aliyoyachukua, ikiwa mimea yake ni mizima.

Vitalu vya kwanza vimekwisha kulimwa, na machipukizi yake yalitolewa na akina mama wa vijiji vya jirani, ambao majina yao yameandikwa katika ukurasa wa mbele wa daftari la kitalu. Ugawaji utaanza mvua za masika zikishika. Wenye kuhitaji waje asubuhi, wakiwa na jembe dogo na jani la mgomba la kufungia.